Kompyuta nzima zazikwa kwa kukosa wa kuzitafsiria programu

Katika muda wa miezi miwili hivi ya mwaka wa 2025, wamiliki wa kompyuta kuukuu kote ulimwenguni walifungiwa milango miwili, na wengi wao hawakusikia hata mlio wa komeo.

Mlango wa kwanza ulifungwa Agosti 9. Siku hiyo mradi wa Debian, ambao tangu 1993 umekuwa ukiandaa mojawapo ya mifumo ya Linux inayotegemewa sana katika seva, ofisi na shule, ulitoa toleo lake la 13. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mradi huo, toleo hilo halikuwa na kiini cha mfumo wala programu ya kuuweka mfumo katika kompyuta zenye prosesa za biti 32 za ukoo wa Intel, zile zile ambazo Debian ilizaliwa ikizitumia.

Mlango wa pili ulifungwa Oktoba 14, pale kampuni ya Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, iliyozinduliwa Oktoba 2021, haina toleo la biti 32, na masharti yake rasmi yanaziacha nje karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa 2017.

Kompyuta zilizoathiriwa na maamuzi hayo hazikuungua wala hazikuvunjika. Zilipowashwa asubuhi iliyofuata, taa ziliwaka, feni zikazunguka na barua zikaandikwa kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba watu fulani, walio mbali na mashine hizo, walikata shauri la kutozitafsiria programu tena.

Kwa taifa kama Kenya, ambako shule, ofisi na vituo vingi vya intaneti vilianza safari ya teknolojia kwa kompyuta za mitumba, suala hili si porojo za wataalamu. Swali linaloibuka ni: Je, ni nani hasa anayeamua siku ya kufa kwa kompyuta?

LUGHA YA PROSESA

Ili kulielewa jibu, ni sharti kwanza ifahamike kazi inayofanyika kabla mfumo wa uendeshaji haujafika katika kompyuta.

Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, haielewi Kiingereza, Kiswahili wala lugha yoyote ya binadamu. Inaelewa amri zilizoandikwa kwa tarakimu, na kila ukoo wa prosesa una amri zake. Ukoo wa Intel unaotumika katika kompyuta nyingi za mezani ulianza na prosesa ya 8086 mnamo 1978. Ukoo wa ARM, unaotumika katika takriban simu zote za kisasa, ulianzia katika kampuni ya Acorn mjini Cambridge, Uingereza, ambako chipu ya kwanza ilifanya kazi mwaka wa 1985.

Amri iliyo wazi kwa ukoo mmoja ni upuuzi mtupu kwa mwingine. Ni kama kumkutanisha Mgiriama wa Kilifi na Mkipsigis wa Kericho, kila mmoja akijua lugha ya kwao pekee, bila Kiswahili cha kuwaunganisha.

Kwa sababu hiyo, wahandisi huandika programu kwa lugha ya kati, hususan ile iitwayo C. Maandishi hayo ndiyo msimbo asilia. Kisha programu maalum iitwayo kompaila huyasoma na kuyatafsiri yawe amri za prosesa inayohusika. Andiko ni moja, tafsiri ni nyingi.

Hiyo ni nadharia. Katika utekelezaji mambo huwa na utata, kwani prosesa hutofautiana kwa mengi zaidi ya msamiati.

Kuna tofauti ya upana. Prosesa ya biti 32 haiwezi kwa kawaida kuipa programu moja kumbukumbu inayozidi gigabaiti 4, ilhali ile ya biti 64 haina kikwazo hicho. Kuna pia tofauti ya mpangilio. Mswahili husema "ishirini na tano", naye Mwarabu akaanza na tano ndipo aitaje ishirini. Idadi ni ile ile, ila mpangilio umegeuzwa. Prosesa nazo ndivyo zilivyo: baadhi huhifadhi sehemu kubwa ya nambari kwanza, nyingine huanza na ndogo. Mhandisi aliyesahau jambo hilo ataandika programu inayofanya kazi barabara katika mashine yake, kisha ikatoa majibu ya ajabu katika mashine ya mwenzake.

Isitoshe, mfumo wa uendeshaji una sehemu ambazo haziwezi kuachiwa kompaila pekee. Namna ya kuiamsha mashine inapowashwa, kuigawa kumbukumbu na kuhama kutoka kazi moja hadi nyingine hutegemea maumbile ya prosesa yenyewe. Sehemu hizo huandikwa upya kwa kila ukoo, na mtu aliyezoea ukoo huo ndiye huzitunza mwaka baada ya mwaka.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Kuifanya programu ilingane na prosesa si kazi ya siku moja. Ni mfano wa shamba. Likiachwa msimu mmoja bila palizi, magugu hulimeza.

HISTORIA YENYE FUNZO

Wazo la mfumo mmoja kutumika katika mashine za aina mbalimbali halikuwapo tangu jadi. Mfumo wa Unix, ulioanzishwa 1969 na Ken Thompson na wenzake katika maabara ya Bell nchini Marekani, uliandikwa mwanzoni kwa amri za mashine moja tu, PDP-7. Mwaka wa 1973 uliandikwa upya kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie. Kufikia 1977, Unix ilikuwa imehamishiwa kwenye mashine za Interdata, ambazo hazikuwa za ukoo ule. Kazi hiyo ilifanywa na makundi mawili yaliyotengana, moja katika maabara ya Bell na jingine mjini Wollongong, Australia.

Linux nayo ilipitia njia iyo hiyo. Linus Torvalds alipoutangaza mradi wake Agosti 1991, akiwa mwanafunzi wa umri wa miaka 21 mjini Helsinki, aliwatahadharisha wasomaji kwamba mfumo huo umefungamana na prosesa ya Intel 386 na kwamba hautahamishika. Januari 1992, Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam aliukosoa hadharani kwa sababu hiyo, miongoni mwa nyingine.

Lakini msimbo wake ulikuwa wazi kwa kila mtu, na waliokuwa na mashine tofauti hawakungoja ruhusa. Machi 1995, Linux 1.2 ilitoka ikiwa na uwezo wa kutumika katika prosesa za Alpha, SPARC na MIPS. Leo hii mfumo huo uko ndani ya simu za Android, ruta za intaneti na kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa zenye nguvu zaidi ulimwenguni.

Microsoft ilijaribu njia hiyo ikarudi nyuma. Windows NT 4.0 ya mwaka wa 1996 ilitafsiriwa kwa koo nne za prosesa: Intel, Alpha, MIPS na PowerPC. Windows 2000 ilipoingia sokoni Februari 2000, ni ukoo wa Intel pekee uliosalia. Alpha ilikuwa miongoni mwa prosesa zenye kasi kubwa za enzi hiyo, lakini Agosti 1999 kampuni ya Compaq, iliyokuwa ikiimiliki, ilikuwa imejiondoa katika kuigharamia kazi hiyo. Waliozinunua mashine hizo kwa bei ghali ili watumie Windows waliachwa njia panda.

Tofauti ya hatima hizo mbili haikutokana na ubora wa chuma. Msimbo wa Windows ulikuwa siri ya mwenyewe. Alipochoka, hakuna mwingine aliyeweza kuendelea. Msimbo wa Linux ulikuwa wazi, hivyo Alpha iliendelea kuhudumiwa na waliokuwa na haja nayo.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba uwazi wa msimbo peke yake unatosha.

MZIGO WA WATAFSIRI

Debian ni kielelezo kizuri cha gharama hiyo. Toleo lake la 13 lina vifurushi vya programu vinavyokaribia 70,000. Vingi kati ya hivyo havina budi kutafsiriwa kwa kila ukoo wa prosesa unaotambuliwa rasmi. Kazi hiyo hufanywa na kompyuta maalum zinazoshinda na kukesha zikitafsiri, huku wahandisi, wengi wao wa kujitolea, wakichunguza kila kinachokwama.

Mnamo Julai 2002, mradi huo ulitoa toleo la 3.0 kwa koo 11 za prosesa kwa wakati mmoja. Ilikuwa fahari kubwa. Lakini toleo lililofuata lilichukua karibu miaka mitatu, hadi Juni 2005, na baadhi ya wakuu wa mradi waliutaja wingi wa koo kuwa sababu mojawapo ya ucheleweshaji huo. Machi 2005, katika mkutano uliofanyika Vancouver, Kanada, lilitolewa pendekezo la kuzipunguza mno koo zinazosubiriwa kabla ya toleo kutolewa. Pendekezo hilo lilizua mjadala mkali.

Waliounga mkono walisema haifai mamilioni ya watu wangojee marekebisho kwa sababu ya mashine chache ambazo hata dukani hazipo tena. Waliopinga walijibu kwamba kuitafsiri programu kwa prosesa nyingi hufichua makosa ambayo yangejificha katika aina moja, na kwamba hakuna haja ya mradi wa umma ikiwa utawafuata wenye soko tu.

Kila upande ulikuwa na hoja. Mwishowe uhalisia ndio uliotawala. Prosesa za Motorola 68000, zilizokuwa za kwanza kujiunga na Intel katika Debian mwaka wa 1998, ziliondolewa katika toleo rasmi la 2007. Alpha ilifuata 2011, SPARC 2015, na PowerPC ya biti 32 mwaka wa 2017. Toleo la 2025 linatambua koo saba.

Kuanguka kwa prosesa za Intel za biti 32 kuna uzito wa pekee kwa sababu hazikuwa chache. Kwa takriban miongo miwili ndizo zilizokuwa kompyuta zenyewe machoni pa watu wengi. Prosesa za biti 64 za ukoo huo zilianza kuuzwa na kampuni ya AMD Aprili 2003, na ilichukua miaka kadhaa kabla hazijaenea.

Watetezi wa uamuzi huo wanataja sababu zinazoeleweka. Programu za kisasa zimenenepa, kiasi kwamba kuzitafsiri baadhi yazo kwahitaji kumbukumbu inayozidi gigabaiti 4, jambo lisilowezekana ndani ya prosesa ya biti 32. Zaweza kutafsiriwa katika mashine kubwa kwa niaba ya ile ndogo, lakini bado lazima awepo mtu wa kuzijaribu, na waliokuwa wakifanya hivyo walizidi kupungua. Mnamo Septemba 2025 shirika la Mozilla nalo lilitangaza kwamba Firefox 144 ingekuwa ya mwisho kwa kompyuta za Linux za biti 32.

Aidha, lugha za kuandikia programu zinabadilika. Tangu toleo la 6.1 la Desemba 2022, kiini cha Linux kimekuwa kikiruhusu lugha ya Rust, inayosifiwa kwa kuzuia aina nyingi za makosa ya kumbukumbu. Oktoba 2025, wasimamizi wa programu inayoweka na kuondoa vifurushi katika Debian walitangaza kwamba nayo ingeanza kuitegemea Rust, si kabla ya Mei 2026. Prosesa ambayo haina kompaila ya lugha hiyo inajikuta nje ya mlango hata kama hakuna aliyekusudia kuifukuza.

HATARI ISIYOONEKANA

Mwenye kompyuta kuukuu aweza kuuliza: ikiwa mashine inawaka, kuna hasara gani?

Jibu lilionekana Januari 2018, ulimwengu ulipofahamishwa kuhusu kasoro za Meltdown na Spectre zilizogunduliwa ndani ya prosesa zenyewe. Kasoro ya Meltdown ilimwezesha mhalifu kusoma siri zilizohifadhiwa katika sehemu ya kumbukumbu asiyoruhusiwa kuifikia. Wahandisi wa Linux walitoa kinga kwa prosesa za Intel za biti 64 mwezi huo huo. Zile za biti 32 zilisubiri hadi toleo la 4.19, lililotoka Oktoba.

Ilikuwa miezi tisa ya kuwa wazi, wakati ambapo bado zilikuwa zikihudumiwa rasmi. Ni dhahiri basi kwamba ukoo ambao haupo tena katika orodha utangoja muda mrefu zaidi, pengine milele. Zahanati inayohifadhi rekodi za wagonjwa au chama cha ushirika kinachohifadhi hesabu za wakulima katika mashine kama hiyo, huku ikiwa imeunganishwa na intaneti, kinaacha dirisha wazi usiku.

Kuna na saa inayohesabu. Mifumo mingi ya asili ya Unix huhesabu wakati kwa sekunde kuanzia Januari 1, 1970. Katika nafasi ya biti 32, hesabu hiyo inafika ukomo Januari 19, 2038, ambapo kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Sekunde itakayofuata, mashine isiyorekebishwa itadhani imerudi Desemba 1901.

Debian ilitumia toleo la 13 kulitatua tatizo hilo kwa koo zake za biti 32 za ARM kwa kuvitafsiri upya maelfu ya vifurushi. Zile za Intel hazikuguswa, kwa hoja kwamba kazi iliyosalia kwazo ni kuendeshea programu za zamani, ambazo zingekwama iwapo mfumo wa kuhesabu wakati ungebadilishwa.

FUNZO KUTOKA KWA VIPAKATALISHI VYA WATOTO

Eneo la Afrika Mashariki lina kisa chake kinachohusiana na suala hili. Mradi wa One Laptop per Child, ulioanzishwa na Nicholas Negroponte, ulikusudia kumpa kila mtoto wa nchi maskini kipakatalishi cha bei nafuu. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoupokea kwa moyo, na kwa muda wa miaka kadhaa iligawa zaidi ya vipakatalishi 200,000 shuleni.

Aina ya kwanza ya vipakatalishi hivyo, XO-1, ilitumia prosesa ya AMD Geode ya biti 32. Aina iliyofuata ilitumia prosesa ya kampuni ya VIA. Zilizokuja baadaye zilihamia ARM kabisa. Hivyo mradi mmoja, wenye rangi ile ile ya kijani na nyeupe na madarasa yale yale, ulijitwika mzigo wa kuutafsiri mfumo wake kwa prosesa za koo mbili.

Mfumo huo ulijengwa juu ya Fedora, aina nyingine ya Linux. Oktoba 2019, Fedora 31 iliacha kuandaa kiini cha biti 32 kwa ukoo wa Intel. Debian nayo, katika toleo la 12 la Juni 2023, ilipandisha kiwango cha chini cha prosesa ikaiacha nje Geode kwa kukosa amri ndogo ambayo haifanyi kazi yoyote ila kujaza nafasi. Amri isiyofanya kitu ilitosha kutenganisha mashine hai na mfu.

Hakuna aliyekaa kitako kuwafanyia hila watoto wa Rwanda. Waliopandisha kiwango walikuwa wakitafuta kasi na wepesi wa kazi yao, na yamkini hakuna aliyekuwa akiitumia mashine hiyo miongoni mwao. Hilo ndilo jambo la kutiliwa maanani: Anayekosekana katika meza ya watafsiri husahauliwa bila uovu wowote.

SIASA ZA CHIPU

Mataifa makubwa yameling'amua jambo hili. Mei 2019, serikali ya Marekani iliiweka kampuni ya Huawei ya Uchina katika orodha ya wasiopaswa kuuziwa teknolojia ya Marekani bila idhini. Katika siku chache Google ilizuiwa kuendelea kuihudumia kama awali, na kampuni ya Arm ikaripotiwa kusitisha ushirikiano nayo kwa muda. Kampuni iliyokuwa ya pili kwa mauzo ya simu ulimwenguni iligundua kwamba prosesa na mfumo wake vilitegemea sahihi za watu wengine.

Tangu hapo Uchina imewekeza katika njia zake yenyewe. Huawei ilizindua mfumo wa HarmonyOS Agosti 2019. Kampuni ya Loongson ilibuni lugha yake ya prosesa, LoongArch, nao wahandisi wake wakahakikisha kwamba inatambuliwa na Linux 5.19 ya Julai 2022. Hawakutengeneza chipu tu. Walikwenda kuketi na watafsiri.

Njia nyingine inayovutia wengi ni RISC-V, lugha ya prosesa iliyoanzishwa 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambayo yeyote aweza kuitumia bila kulipia leseni. Shirika linaloisimamia lilihamishia makao yake Uswisi mwaka wa 2020 ili lisiyumbishwe na mivutano ya mataifa. Katika Debian 13, toleo lile lile lililoifungia nje Intel ya biti 32, RISC-V ya biti 64 ilikaribishwa rasmi kwa mara ya kwanza.

Ukoo mmoja ulitoka, mwingine ukaingia. Aliyeingia alikuwa na watu nyuma yake, kampuni na vyuo, waliokuwa tayari kukesha wakirekebisha vifurushi vilivyokwama. Aliyetoka alikuwa na mamilioni ya watumiaji wa zamani lakini watumishi wachache.

KENYA IKO WAPI?

Oktoba 2023, kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River kwa ushirikiano wa Safaricom na wadau wengine. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, ipo kampuni inayotengeneza chipu. Mei 2024, wakati wa ziara ya Rais William Ruto mjini Washington, Marekani ilitangaza nia ya kushirikiana na Kenya katika kukuza sekta ya semikondakta.

Hatua hizo ni za kupongezwa. Hata hivyo, zote zinahusu chuma. Simu inayounganishwa Athi River hubeba mfumo uliotafsiriwa na wengine kwa prosesa iliyobuniwa na wengine. Siku watakapochoka kuuhudumia, simu hiyo itaanza kuzeeka hata ikiwa ndani ya boksi.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini katika suala hili nduguye ameuacha mlango wazi. Msimbo wa Linux, wa Debian na wa kompaila ya GCC, iliyoasisiwa na Richard Stallman mwaka wa 1987, unapatikana bure. Kinachohitajika ni watu.

Afrika Mashariki imewahi kuonyesha kwamba inaweza. Mwaka wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ya Uswidi katika mradi wa Kilinux, walitoa programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili. Walifanya hivyo bila kungoja kampuni yoyote iamue kwamba Waswahili ni soko lenye faida. Kutafsiri kwa lugha ya watu na kutafsiri kwa lugha ya prosesa ni kazi tofauti, lakini sharti lake ni moja: msimbo uwe wazi, na awepo mwenye haja aliye tayari kutoa jasho.

Vyuo vikuu vya Kenya hufuzisha wanafunzi wa sayansi ya kompyuta kila mwaka. Chuo kinachotenga mashine chache za kutafsiri vifurushi, na kuwapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho kazi ya kurekebisha vinavyokwama, kingewapa ujuzi adimu na kulipa taifa kiti katika meza ambayo maamuzi hufanyiwa. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kiwanda cha chipu.

Serikali kwa upande wake ina nguvu ya mnunuzi. Zabuni za kompyuta za shule na kaunti huzingatia bei, kumbukumbu na ukubwa wa diski. Laiti zingeuliza pia mfumo wa mashine hiyo utahudumiwa hadi mwaka gani, na iwapo prosesa yake inatambuliwa na mfumo ulio wazi ambao muuzaji hana uwezo wa kuuzima, fedha za umma zingedumu zaidi.

Mashirika na wahisani wanaoleta kompyuta zilizokarabatiwa nao wana wajibu. Mashine isiyo na mtafsiri si msaada bali ni taka za kielektroniki zilizocheleweshwa, na taka hizo huishia katika majaa kama la Dandora, ambako vijana huchoma nyaya ili wapate shaba.

Kuna habari njema kwa baadhi ya wamiliki. Kompyuta nyingi zinazodhaniwa kuwa za biti 32 zina prosesa ya biti 64. Ni mfumo uliowekwa ndani yake tu ambao ni wa zamani. Mashine kama hizo, zikiwemo nyingi zilizouzwa tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, zaweza kupakiwa mfumo mpya wa biti 64 na kuendelea na kazi, mradi data ihifadhiwe kwanza kando. Kwa zile ambazo ni za biti 32 kikwelikweli, Debian 12 imepangiwa kuhudumiwa hadi Juni 2028. Ipo pia mifumo kama NetBSD, ambayo imejijengea jina kwa kuhudumia prosesa zilizoachwa na wengine.

Hizo ni pumzi za muda. Swali la msingi linabaki pale pale. Kompyuta haifi siku chuma chake kinapochakaa. Hufa siku ambapo hakuna aliyebaki wa kuitafsiria. Mataifa yaliyolifahamu hilo yamepeleka watu wao mezani. Yasiyolifahamu yataendelea kununua mashine, kuzizika zikiwa nzima, na kununua nyingine.